Saiti za wapenzi za kulipia: jinsi ya kumjua tapeli na profaili feki kabla hujapigwa

Kuna imani imekaa vichwani mwa watu kwamba saiti ikiwa ya kulipia basi matapeli wamebaki kule kwenye za bure, maana tapeli gani atoe hela yake mfukoni. Anatoa. Tena saa nyingine hata sio hela yake, ni kadi ya mtu aliyempiga wiki iliyopita. Kwake ile ada ni mtaji tu, anajua humo ndani atakuta watu ambao washaonyesha mambo mawili bila kuulizwa, kwamba wana kadi inayosoma na kwamba wanatafuta mtu kweli kweli mpaka wamelipia.

Hilo wengi washalisikia. Lisilosemwa sana ni kwamba kwenye saiti za kulipia kuna waongo wa aina mbili na dalili zao ni kinyume kabisa. Wa kwanza ni tapeli wa nje, mgeni kama wewe, ameingia kuwinda, na huyu anataka mtoke pale haraka mhamie WhatsApp au Telegram. Wa pili ni mwongo wa ndani, huyu analipwa kwa ajili ya saiti yenyewe, na kazi yake ni usitoke kamwe, ubaki hapo unanunua koini za kujibia meseji. Sasa ukimtafuta wa pili kwa dalili za wa kwanza humpati, utasema mbona huyu hajawahi kuniomba hata mia, huyu mkweli, kumbe mia yako inaenda kila ukibonyeza kutuma.

Mwongo wa ndani

Nianze na huyu kwa sababu ndo anayewachanganya watu zaidi. Kabla hujaweka kadi yako popote fungua ukurasa wa vigezo na masharti. Najua hakuna anayesoma yale maandishi, na huna haja ya kuyasoma yote, nenda kwenye menyu ya brauza, chagua kutafuta ndani ya ukurasa, alafu andika maneno kama "fictitious", "fictional", "entertainment" na "moderator" moja baada ya jingine. Saiti za aina hii mara nyingi zinajikinga kisheria kwa kuandika hapohapo kwamba baadhi ya profaili ni za kubuni, zipo kwa ajili ya burudani, na wenye profaili hizo huwezi kukutana nao ana kwa ana. Imeandikwa kabisa, ila imefichwa aya ya kumi na ngapi huko. Ukiikuta hiyo sentensi hakuna cha kuchunguza tena, funga, tafuta saiti nyingine.

Na huyo "Petra, 34, mjane, anapenda mbwa na matembezi ya jioni" unaedhani yuko Ujerumani anaweza kuwa kijana wa kiume amekaa bedsita Nairobi na bando la usiku. Kenya hii kazi vijana wanaijua vizuri, inatangazwa kama kazi ya chat moderator, fanya ukiwa nyumbani, unalipwa kwa meseji. Skrini yake imegawanyika, upande mmoja profaili ya mteja halisi, upande wa pili profaili ya kubuni anayoivaa kwa dakika hizo, katikati ni mazungumzo, na pembeni kuna sehemu ya kumbukumbu ambapo kila zamu inaandika mambo ya kukumbuka, mteja ana watoto wangapi, anafanya kazi gani, mbwa wake anaitwaje, mama yake anaumwa. Meseji isipofika idadi ya herufi inayotakiwa haitumwi. Akimaliza kujibu, mteja mwingine anaingia na yeye anageuka kuwa mtu mwingine, dakika ile alikua Petra saizi ni Monique. Sitaki kuwatukana hao vijana, malipo yenyewe ni kidogo na wengi wanasema kazi inawaumiza roho, ila wewe unayelipa inabidi ujue unaongea na nani.

Ukishajua anavyofanya kazi, dalili zinajitokeza zenyewe. Meseji zake zina urefu ule ule kila siku, hata ukiandika "sawa" tu unarudishiwa mistari mitatu. Karibu kila meseji inaisha na swali, maana swali ndo linakufanya ununue koini nyingine. Anajibu saa nane usiku na saa nne asubuhi kwa nguvu ile ile kama vile halali. Lugha inabadilika, leo anaandika kwa mpangilio na nukta zake, kesho mtu yule yule anaandika herufi ndogo tupu na vijikatuni vya kucheka. Na ukitaja kukutana, hakatai, hapo ndo utamu wake, anasema anatamani sana ila anataka mjuane kwanza, mara wiki hii ana kazi nyingi, mara dada yake kaja, na ukimpa namba yako ya simu anajifanya hajaiona au saiti inaibadilisha nyota nyota.

Jaribio ninalolipenda mimi ni hili. Mwambie kitu kidogo kisicho na maana, kitu ambacho hakuna mtu angekiandika kwenye kumbukumbu, kwa mfano jana ulikula wali na dagaa ukaungua ulimi. Zikipita siku mbili tatu muulize kwa utani, "unakumbuka nilikwambia nimeungua nini?" Mtu anayekupenda au hata anayekutongoza tu atakumbuka au atasema nimesahau bana nikumbushe. Mtu wa zamu atakuletea maneno matamu yasiyojibu swali, "oh mpenzi pole sana, natamani ningekuwepo nikuhudumie, siku yako imeendaje leo?" Rudia mara ya pili na kitu kingine. Akikwepa tena, hapo okoa koini zako.

Na haya sio maneno ya vijiweni. Mwaka 2014 FTC, ile tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, iliibana kampuni moja ya Uingereza inaitwa JDI Dating iliyokua na saiti 18. Ukijiunga bure unaanza kupokea makonyezo na meseji kutoka kwa watu wa karibu na kwako, unalipia ili ujibu, kumbe ni profaili za kampuni yenyewe walizoziita "Virtual Cupid", na alama pekee ya kukuonya ilikua kiduara kidogo chenye herufi v na c. Walilipa dola 616,165. Mwaka uliofuata saiti ya wapenzi ya Ashley Madison ikadukuliwa, na baadae kampuni yenyewe ikakubali kwamba ilikua na maroboti ya kike yanayowachombeza wanaume walipie, Desemba 2016 wakakubali kutoa dola milioni 1.6.

Hata saiti kubwa yenye watu wa kweli isikufanye ulale. Mwaka 2019 FTC iliishtaki Match, kampuni yenye saiti ya Match.com, wakidai kwamba watu wasiolipia walikua wanatumiwa tangazo la "kuna mtu amekuandikia, lipia umuone" hata pale ambapo kampuni yenyewe ilishaishuku akaunti ile ni ya tapeli. Kwenye mashtaka kuna namba moja inauma, kati ya Juni 2016 na Mei 2018 watu walinunua vifurushi 499,691 ndani ya saa 24 baada ya kutumiwa tangazo lenye meseji ya namna hiyo. Niwe mkweli, dai hilo la matangazo mahakama ilikuja kulitupa, na kesi ikaisha Agosti 2025 kwa Match kukubali kulipa dola milioni 14 kwenye hoja nyingine kama ugumu wa kujitoa. Ila somo la mtumiaji liko palepale: meseji inayokuja dakika chache baada ya kujiunga, kabla hata hujaweka picha, usiilipie. Jiulize kakupendea nini wakati profaili yako iko tupu.

Tapeli wa nje

Huyu ana haraka. Siku ya kwanza mpenzi, siku ya tatu mke wangu, wiki haijaisha anakwambia anafuta akaunti yake ya saiti kwa sababu amekupata wewe basi haina haja, naomba WhatsApp. Kitu watu hawakijui, saa nyingine hajaifuta kwa mapenzi, anajua akaunti yake itaripotiwa na kufungiwa muda wowote kwahiyo anakimbiza wateja nje kabla mlango haujafungwa. Ndo maana kanuni yangu ni rahisi, kama umelipia saiti kaa humo humo mpaka umuone kwenye video. Umelipia, tumia.

Kazi zake unazijua, mwanajeshi wa Marekani aliyeko Syria au Yemen, injinia wa mafuta baharini, daktari wa UN, mjane mwenye binti mmoja shule ya bweni. Zote zina kitu kimoja, zinaeleza kwa nini hawezi kuja, kwa nini mtandao unasumbua na kwa nini hela zake hazifikiki kwa sasa. Kuhusu wanajeshi kumbuka hili moja tu: mwanajeshi wa Marekani halipi hela ili apewe likizo, halipii chakula chake kambini, na mchumba wake wa Tandika au Kayole hatakiwi kujaza fomu yoyote ili aruhusiwe kusafiri. Jeshi lenyewe limeshalisema mara nyingi.

Alafu ndo inakuja zawadi. Amekutumia mzigo, simu, cheni, viatu na bahasha ya dola, anakutumia na picha boksi likiwa limefunguliwa ili uone. Siku mbili baadae unapigiwa na "wakala" mwenye sauti ya ofisini, mzigo umekwama eapoti, kuna ushuru wa forodha, tuma kwenye namba hii. Sisi tuliozoea meseji za ile hela tuma kwenye namba hii tungetakiwa tushtuke, ila mapenzi yakishaingia unajikuta unatafuta wa kumkopa. Ushuru wa forodha haulipwi kwenye laini ya simu ya mtu binafsi. Haulipwi. Uwe JNIA ya Dar au JKIA ya Nairobi unapewa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali na jina linalosoma ni la mamlaka. Unapoweka namba aliyokupa huyo "wakala" kwenye M-Pesa jina linatokea kabla hujathibitisha, likisoma jina la mtu asiyehusiana na ofisi yoyote, ghairi hapo hapo, usimpigie kumuuliza maana jibu analo tayari.

Wapo wa mjini pia, hawa wa nauli. Demu mzuri, yuko Morogoro au Nakuru, anataka kuja wikiendi, tuma nauli na ya kusuka. Unatuma, simu inazimwa. Hapa sitaki tuwaite wote mtandao wa kihalifu, wengine ni watoto wa watu wameona fursa, wengine kweli walibadili mawazo. Kinga yake ni ndogo, mwambie apande gari, ukimpokea stendi unamrudishia nauli yake na ya kurudi juu. Anayekuja atakuja.

Hatari zaidi siku hizi ni yule asiyeomba hela. Anachati vizuri, ana picha za maisha safi, na baada ya wiki kadhaa anakuonyesha jinsi anavyotengeneza faida kwenye kripto, hakulazimishi, anasema anza na kidogo. Unaweka, unaona faida, unatoa kidogo na inafika kweli kwenye akaunti yako. Hapo ndo ndoano. Ukiweka kubwa tovuti inakuonyesha namba zinapanda tu, siku ukitaka kutoa unaambiwa lipa kodi kwanza. Ile tovuti ni yao, namba wanaandika wenyewe. Kichina wanaita kuchinja nguruwe, kwamba unanenepeshwa kwanza. Na anayechati na wewe anaweza kuwa mateka, ofisi ya haki za binadamu ya UN mwaka 2023 ilisema watu wasiopungua 120,000 Myanmar na kama 100,000 Cambodia wanashikiliwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni, na humo wamo Wakenya na Waganda waliodanganywa kazi za Thailand. Kwahiyo hata akikuandikia Kiswahili safi na kukuuliza hali ya Kariakoo, hiyo peke yake sio ushahidi wa kitu.

Sasa kumkagua

Picha kwanza. Skrinishoti picha zake zote, sio ile nzuri peke yake, kata pembeni kubaki uso na mazingira, zipitishe Google Lens, alafu TinEye na Yandex, hizi zinakutafutia picha imeonekana wapi kwingine mtandaoni, maana kila moja inaona vitu vyake na Yandex kwenye sura iko makini kuliko wenzake. Ukikuta sura ile ile ina majina matatu, kazi imeisha. Usipokuta kitu usifurahi, picha zinaweza kuwa zimetengenezwa na AI na hazipo popote duniani. Hapo angalia vitu vidogo: hereni za pande mbili hazifanani, maandishi ya ukutani hayasomeki, nyuma ya mtu kuna mikono isiyo na mwenyewe, na zaidi ya yote, picha zote yuko peke yake, hakuna shangazi, hakuna rafiki aliyefumba macho, hakuna harusi, hakuna picha mbaya hata moja. Nani kati yetu hana picha mbaya?

Alafu muombe picha ya sasa hivi yenye kitu cha ajabu, ashike kijiko sikioni, au aandike jina lako na tarehe kwenye karatasi aishike kidevuni. Akikuletea hasira "huniamini?" jibu lako ni siamini ndo maana naomba. Mtu mkweli atacheka na atakuomba na wewe ufanye hivyo hivyo, na ni haki yake.

Video ifuate, na isiwe ya sekunde kumi yenye giza. Siku hizi video pia inaghushiwa, Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walikamata watu 27 waliokua wanatumia sura za bandia kwenye mapenzi ya mtandaoni, waliokua wamekusanya karibu dola milioni 46 za Marekani. Kwahiyo mwambie ageuke ubavu kabisa mpaka umuone sikio, apitishe kiganja mbele ya uso taratibu, asogee dirishani mwanga ubadilike. Sura ya bandia mara nyingi inatetereka hapo, ukingo wa shavu unayeyuka kidogo au miwani inapotea. Sio kila mara, programu zinazidi kuwa nzuri, kwahiyo ichukue kama jaribio moja kati ya mengi. Na kama mpenzi wako ni staa wa Hollywood, jamani, mama mmoja wa Ufaransa alitoa euro 830,000 kwa Brad Pitt wa kutengenezwa, alitumiwa mpaka picha za staa akiwa kitanda cha hospitali.

Kwenye video hiyo hiyo usivue nguo. Wapo wanaorekodi alafu wanakutumia orodha ya marafiki zako wa Facebook, lipa au video inawafikia. Ikikukuta usilipe hata shilingi, ukilipa mara ya kwanza bei inapanda, hifadhi ushahidi, funga mawasiliano, ripoti.

Swali la mtaa nalo linasaidia ukiliuliza bila kujishtukia. Anasema yuko Muscat? Muulize ijumaa maduka ya kwao yanafungwa saa ngapi na anakaa karibu na nini. Anasema yuko Minneapolis? Muulize hali ya hewa leo na ucheki mwenyewe. Asiwe anajibu kama kitabu, anayekaa mahali analalamika kuhusu hapo mahali.

Hela yako kwenye saiti

Usiweke kadi ya mshahara. Tumia kadi ya mtandaoni ya Visa inayotengenezwa ndani ya M-Pesa, iwekee kiasi cha mwezi mmoja tu. Vifurushi hivi vinajirudia vyenyewe na kufuta apu hakusitishi makato, lazima uingie Google Play au App Store sehemu ya usajili ukate huko, au kwenye akaunti yako ya saiti kama ulilipia kwenye brauza, alafu utunze skrinishoti ya uthibitisho. Wanaokatwa miezi bila kujua ni wengi.

Ikiwa ushatuma

Piga simu mtandao wako saa hiyo hiyo, sio kesho baada ya kulia. Kenya meseji ya M-Pesa iliyotumwa kimakosa inapelekwa 456 na namba za utapeli zinapelekwa 333, Tanzania namba za matapeli zinaripotiwa 15040, alafu nenda polisi na skrinishoti zenye namba, tarehe na majina yaliyosoma. Kama ulilipa kwa kadi waambie benki unapinga muamala na wakufungie hiyo kadi. Usimwambie tapeli kwamba umemshtukia kabla hujahifadhi chati zote, akijua anaweza kufuta meseji zake. Na aibu iweke pembeni, mwaka 2022 peke yake watu karibu 70,000 waliripoti Marekani kupigwa kwa njia ya mapenzi, jumla dola bilioni 1.3, nusu yao walipoteza zaidi ya dola 4,400, na hao ni waliojitokeza tu.

Wiki chache baada ya hapo utapata meseji ya mtu anaejiita mdukuzi, au wakili, au afisa wa Interpol, anajua kiasi ulichopigwa mpaka na jina la "mpenzi" wako, anasema hela zako zimeonekana na anaweza kuzirudisha, kuna ada ndogo tu ya kufungua faili. Kajuaje? Ni yule yule, au ameuziwa orodha na yule yule. Bloku.